Shimo la mwaka 1973 na kijiko cha kimea

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, huko Wanging'ombe, kuna sehemu ardhi imebonyea kidogo, na majani ya maboga yameifunika yote. Maboga ya pale hustawi kuliko ya shamba zima. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini, akacheka: "Hapo palikuwa na Mtu ni Afya." Nilidhani ni jina la ng'ombe aliyezikwa pale. Kumbe ni choo. Babu alikichimba mwaka 1973, baada ya kusikiliza redio pamoja na majirani, na kwa bibi choo kile hakijawahi kuitwa choo hadi leo.

Nilikumbuka shimo hilo Januari hii. Mimi na wenzangu watatu tunaokaa nyumba moja tulikuwa tumeapa kuacha chipsi mayai za kila usiku, kunywa maji ya kutosha na kulala kabla ya saa sita. Tulipakua programu za kutukumbusha. Kufikia wiki ya pili simu ilikuwa inalia "kunywa maji" na mtu anaizima huku ameshika soda. Sisi ni wanafunzi wa uzamili, wawili kati yetu wanasomea masuala ya afya. Elimu tunayo. Sasa nikajiuliza: mbona babu yangu, ambaye hakumaliza hata darasa la nne, alibadilisha tabia ndani ya miezi mitatu na hakurudi nyuma?

Kabla sijaenda kijijini, naomba nipitie Marekani kidogo, kwa sababu swali hili lilishajaribiwa kule miaka 30 kabla ya choo cha babu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia nyama nzuri ilikuwa inapelekwa kwa askari, na serikali ilitaka familia zile moyo, figo na viungo vingine vya ndani. (Najua, msomaji wa Dar es Salaam anashangaa kwamba kuna mtu anabembelezwa ale figo. Kwa Wamarekani wa wakati ule kilikuwa chakula cha kudharaulika.) Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, alichukua vikundi sita vya akina mama, kila kimoja na watu 13 hadi 17. Nusu ya vikundi vilipewa mhadhara mzuri sana: vitamini, madini, bei, hadi namna ya kupika. Nusu nyingine walikaa wakazungumza wenyewe vikwazo vyao: mume atanuna, harufu jikoni, watoto watakataa. Mwishoni wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu wiki hiyo, wakainua mikono. Walipofuatiliwa baadaye, waliosikiliza mhadhara na kweli wakapika walikuwa asilimia 3. Wale wa mazungumzo walikuwa asilimia 32.

Jaribio lile lina kasoro. Mambo mengi yalitofautiana kwa wakati mmoja, kwa hiyo huwezi kusema moja kwa moja kilichofanya kazi ni kipi. Mwaka 1955 Edith Bennett alichapisha jaribio lake mwenyewe, akatenganisha vipande. Alichokuta kinanifurahisha: mjadala wenyewe haukuwa na uzito mkubwa, wala kuinua mkono mbele za watu. Vilivyokuwa na uzito ni viwili, yaani kufikia uamuzi, na kuona kwamba wenzako karibu wote nao wameamua hivyo hivyo.

Haya, turudi Tanzania.

Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma, na madaktari walikuwa wachache sana kwa nchi kubwa namna hii. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa tayari inajaribu njia iliyokuwa imetumiwa na wakulima wa Canada tangu mwaka 1941: kikundi kinakutana kwenye redio, kinasikiliza, kinasoma kijitabu, kinajadili, halafu kinafanya kitu. Hapa kwetu ilianza kidogo mwaka 1969, kwa kampeni ya Kupanga ni Kuchagua iliyohusu mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Ikafuata Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, kisha Wakati wa Furaha mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru. Ukiangalia mada hizo utaona zote ni za kuelewa. Mtu anasikiliza, anaelewa, anarudi nyumbani. Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, ilikuwa ya kwanza kumtaka msikilizaji akashike jembe.

Ilidumu wiki 12. Mada zilikuwa magonjwa ambayo kila kijiji kiliyajua kwa majina: malaria, kuhara damu, safura, kichocho, kifua kikuu, pamoja na suala la maji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na walioshiriki walifika kama milioni 2, wakati nchi nzima haikuwa hata na watu milioni 15. Nadhani hapo ndipo tunapopotea tukisimulia kampeni hii siku hizi. Tunasema "redio ilielimisha wananchi". Redio ilikuwa sehemu ndogo. Kipindi kilikuwa kifupi, betri zilikuwa ghali, mawimbi yalikuja na kupotea. Kazi ilikuwa kwenye kile kilichofuata baada ya redio kuzimwa: mmoja anayejua kusoma anasoma kijitabu kwa sauti, wengine wanabisha, kisha kabla ya kuondoka kikundi kinaamua kitafanya nini kabla ya wiki ijayo. Kufyeka nyasi karibu na nyumba. Kufukia madimbwi. Kuchimba choo.

Nilimpigia bibi simu nimuulize anakumbuka nini. Ukimuuliza bibi jambo la zamani lazima kwanza umalize salamu, kwa hiyo "kamwene" ya kwanza hadi swali langu zilipita dakika sita.

"Bibi, mlikuwa mkijifunza nini kwenye kile kikundi?"

"Kujifunza nini tena, mjukuu wangu? Safura tuliijua. Watoto walikuwa wanavimba nyuso tunawaona. Tulichokuwa hatujui ni kwamba baba fulani naye anataka kuchimba. Alipoanza yeye, babu yako angeweka wapi uso wake?"

Ingemfaa Edith Bennett kusikia jibu hilo. Lakini bibi hakuishia hapo. Alisema pia balozi wa nyumba kumi alikuwa akipita kukagua, na kwamba mtu asiyechimba alikuwa anasemwa vibaya. Sitaki kuificha sehemu hiyo. Kati ya kuhamasishana na kulazimishana kuna mstari mwembamba, na Tanzania ya miaka ile iliuvuka mara kadhaa. Novemba 1973, miezi michache tu baada ya kampeni kwisha, uamuzi ulitolewa kwamba wananchi wote wahamie katika vijiji vya maendeleo ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Familia nyingi zilizokuwa zimechimba vyoo vyao ziliviacha huko nyuma zikaanza upya.

Kuna jambo la wiki 12 ambalo siwezi kuliacha, ingawa ni sadfa tu. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walichapisha utafiti kuhusu muda unaochukua kitendo kipya kugeuka mazoea. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo, kwa mfano kula tunda na chakula cha mchana, wakalifuatilia kwa siku 84. Siku 84 ni wiki 12 kamili. Mtu wa katikati alihitaji siku 66, lakini tofauti zilikuwa kubwa mno, kuanzia 18 hadi 254 (hiyo 254 ni makadirio ya hesabu, maana utafiti ulishakwisha). Ile habari ya "siku 21 inatosha" unayoisikia kwa wahamasishaji, basi, achana nayo. Na kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Jambo lililosaidia ni kitendo kufungwa kwenye tukio lile lile kila siku: baada ya chai, baada ya kuswali, ukifika nyumbani.

Sasa hapa ndipo historia inakuwa ngumu, na kwangu mimi ndipo inapokuwa tamu.

Mwaka 1975 watu wale wale, kwa njia ile ile, walizindua Chakula ni Uhai. Kampeni hii ilihusu lishe. Washiriki walikuwa karibu milioni 1.5, si haba hata kidogo. Lakini jaribu kuwauliza wazee. Mtu ni Afya wanaikumbuka, wengine hata vitambaa vilivyochapwa jina hilo. Chakula ni Uhai, wengi wanasita. Bibi alisema, "Hiyo ya chakula? Hiyo ilikuja tukiwa na njaa."

Na ni kweli. Mvua zilikuwa zimeshindwa, nchi ilikuwa inaagiza nafaka kutoka nje kwa fedha za kigeni isizokuwa nazo, serikali ilikuwa imetangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba waliyoyazoea. Kumwambia mama wa mwaka huo achanganye makundi ya vyakula ni kumwambia nini hasa?

Lakini hata bila ukame, naamini kampeni ya pili ilikuwa na kazi ngumu zaidi kwa asili yake. Choo unachimba mara moja. Ukishakichimba kipo, jirani anakiona, na miguu yenyewe inazoea njia. Tabia imeshajengwa kwa udongo na miti. Chakula hakina shimo la kuchimbwa likaisha. Kinarudi asubuhi, mchana na jioni, na kila kinaporudi kinauliza maswali upya: kuni zipo? Unga upo? Nani yuko nyumbani? Mtoto amelala au ameamka? Nani ana muda?

Swali hilo la mwisho lilikaa miaka karibu kumi bila mtu wa kuliuliza kwa sauti. Liliulizwa Iringa.

Mkoa wa Iringa wa wakati ule ulijumuisha Njombe yote ya leo. Ulikuwa, na bado ni, ghala la mahindi la taifa. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa lishe kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, ukianza na vijiji 168. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa na mkono wake pale. Kitu cha kwanza hakikuwa somo. Kilikuwa mizani. Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya, watoto wote wa chini ya miaka mitano wanapimwa, kadi inaonyesha rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Hadi hapo ni kliniki ya kawaida. Tofauti ni kwamba matokeo hayakupanda kwenda wilayani na kupotelea kwenye faili. Yalisomwa kwenye serikali ya kijiji, mbele ya wanaume waliokuwa wamezoea kujadili mbolea na barabara. Wangapi wekundu? Kwa nini? Tutafanya nini kabla ya upimaji ujao? Kupima, kuchambua, kutenda, kisha kupima tena.

Matokeo ya kwanza yaliwashtua watu. Mwaka 1984 zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu, na asilimia 6.3 walikuwa na utapiamlo mkali. Katika nyumba zenye magunia ya mahindi! Hapo ile hadithi ya "wazazi hawajui" na ile ya "hakuna chakula" zote mbili zikaanza kuyumba. Walipochambua, likajitokeza jambo la kawaida kabisa: watoto wadogo walikuwa wanalishwa mara mbili kwa siku. Mama alitoka alfajiri kwenda shambani, akaacha uji kwa dada mkubwa wa miaka saba, akarudi jioni. Watu wazima walikula mara mbili, mtoto naye mara mbili.

Naomba tupige hesabu kidogo. Uji mwepesi ambao mtoto anaweza kuunywa una unga kama gramu 5 katika kila gramu 100. Kikombe cha mililita 250 kina unga gramu 12 na nusu, sawa na kilokalori 45 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja na kitu anayenyonya bado anahitaji kilokalori kama 550 kutoka kwenye chakula kwa siku. Gawanya: vikombe 12. Tumbo lake halibebi, na hakuna mama duniani mwenye muda wa kulisha vikombe 12 msimu wa palizi. Ukipika uji mzito wenye gramu 20 za unga kwa kila 100, kikombe kinakuwa na kilokalori 180 na vikombe vitatu vinatosha. Tatizo, huo si uji tena, ni ugali. Mtoto hawezi kuumeza.

Suluhisho moja lililopigiwa debe lilikuwa tayari jikoni, kwenye chungu cha togwa. Kimea. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya, hasa amilesi, ambavyo kazi yake ni kukata minyororo mirefu ya wanga ili mche upate sukari ya kukulia. Akina mama wa nyanda za juu walijua hili kwa mikono yao vizazi vingi kabla ya maabara: ukitia unga wa kimea kwenye uji wa vuguvugu, ndani ya dakika chache uji unalegea na kuwa mtamu. Watafiti waliona kwamba kijiko kidogo tu kinageuza bakuli la uji mzito kuwa wa kunyweka, na hakuna nguvu iliyopotea. Wanga wote bado upo ndani, umekatwa vipande tu. Masharti mawili: uji usiwe unachemka, maana moto mkali unaua kimeng'enya, na kama kimea ni cha mtama, ondoa miche na mizizi kabla ya kusaga, kwa kuwa mtama unaochipua hutengeneza sianidi sehemu hizo.

Lakini nisikudanganye kwamba kimea kiliokoa Iringa. Kimea chenyewe kinahitaji kuloweka, kuchipusha, kukausha, kusaga, na hiyo ni kazi nyingine juu ya mgongo ule ule wa mama. Vijiji vilivyolichukulia swali kwa uzito vilianza kuzungumzia muda wake: vituo vya kulelea watoto mchana vyenye uji wa pamoja, maji ya karibu, na wahudumu wa afya waliolipwa kidogo na kijiji chenyewe. Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8, na uzito pungufu kwa ujumla kutoka kama 56 hadi 38. Uzoefu huo ulisafiri mbali. Urban Jonsson, aliyeshiriki katika kazi hiyo akiwa UNICEF, alikuwa miongoni mwa waliounda mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990 na ambao wanafunzi wa lishe hadi leo wanaukariri. Katika mchoro huo neno "matunzo" limewekwa sambamba na chakula na huduma za afya. Muda wa mama ulipata kisanduku chake.

Ningetamani niishie hapo. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wamedumaa, na mkoa ulioongoza nchi nzima ni Iringa: karibu asilimia 57. Njombe, alikotoka bibi, inafuatia kwa nusu ya watoto wake. Udumavu na uzito pungufu ni vipimo tofauti, na kadi ya kliniki ya uzito haikuonyeshi moja kwa moja kama mtoto ni mfupi kuliko umri wake, kwa hiyo si sahihi kuziweka asilimia 38 na 57 kwenye mstari mmoja na kusema mambo yameharibika. Hata hivyo takwimu hiyo inauma. Ghala la taifa, mkoa uliofundisha dunia, miaka karibu 40 baadaye.

Nilimsomea bibi. Alikaa kimya kidogo. "Sasa wanawake wanalima nyanya na viazi vya kuuza, na chai, na miti," alisema. "Jua halijaongezwa." Kisha akauliza kama ninakula.

Nikamweleza tulichofanya. Tulifuta zile programu za simu. Jumapili moja tulikaa wanne mezani, kila mtu akataja kinachomshinda. Mmoja alisema ukweli kwamba chipsi anazinunua kwa sababu saa tatu usiku akitoka maktaba hana nguvu ya kuwasha jiko. Tukaamua jambo moja tu: Jumamosi usiku maharage yanalowekwa, Jumapili baada ya kufua yanapikwa sufuria kubwa, yanagawanywa kwenye vibakuli, yanawekwa kwenye friji. Zamu ipo ukutani. Tuko wiki ya saba, na wiki ya nne tuliiruka.

"Maji ya kuloweka mnayamwaga?" bibi akauliza.

Nikamwambia tunayamwaga.

"Kwenye nini?"

Kwenye sinki, nikasema. Akaguna. Eti tungekuwa na maboga.